Filamu ya Nne ya Kipanga

1

Taa za ukumbi zilipowashwa, hakuna aliyepiga makofi.

Subilaga Mwalugaja alikuwa ameketi safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango, kitenge amejitanda mabegani kwa ajili ya baridi ya Mbeya. Mbele yake kulikuwa na mamia ya watu waliovaa makoti ya kijivu yenye mabawa ya manjano begani, makoti ya wahudumu wa Kipanga, chombo cha angani cha kwenye filamu. Mchana ule waliingia wakiimba. Sasa filamu ilikuwa imekwisha, nao walikuwa bado wanatazama pazia jeupe kana kwamba kuna kipande kimesahaulika na kitaletwa sasa hivi.

"Huyu si Mwalugaja," mtu mmoja alisema katikati ya ukumbi. Hakupaza sauti, lakini wote walimsikia. "Aliyeandika hii si Mwalugaja."

Hapo ndipo kelele zilipoanza.

Subilaga alifumba macho. Tangu alfajiri alikuwa kiwandani Uyole akikagua maparachichi ya kusafirishwa, na miguu ilikuwa inamuuma. Kwa hamu yake angekuwa nyumbani amelala. Lakini Anyosisye Mwalugaja alikuwa baba yake, na filamu za Kipanga ndizo zilizompa baba yake jina.

Zilikuwa tatu. Ndani yake Nahodha Zawena anaondoka na watu elfu nne kutoka kwenye kituo cha angani kinachoishiwa hewa, anawapeleka kwenye jua jingine, mbali kuliko mtu yeyote alivyowahi kwenda. Kila filamu ilimalizika Zawena akiwa amesimama dirishani, anageuka, anawaambia abiria wake neno moja: "Tutafika." Neno lile lilitoka kwenye filamu likaingia mitaani. Vijana waliokwenda kufanya kazi kwenye machimbo ya Mwezini walilisema getini kabla ya kupanda roketi. Maharusi waliambiana. Wagonjwa waliandikiwa kwenye kadi. Na wapenzi wa filamu hizo walianza kujiita Abiria.

Katika hii ya nne, Zawena amezeeka. Anagundua kwamba jua wanalolifuata limekwisha kuzimika, mwanga wanaouona ni wa zamani. Anaificha habari hiyo muda mrefu. Kisha siku moja anaufungua mlango wa chumba cha uongozi, anawaita watu wote, anawaambia kwamba hawatafika. Anazima injini ili umeme wote uende kwenye mashamba ya ndani ya chombo. Na filamu haiishii hapo. Inaendelea kwa zaidi ya saa nzima, watu wakijifunza kukaa.

"Mwenyekiti! Mwenyekiti aseme!"

Mwenyekiti wa Abiria alikuwa daktari wa meno, Tumwitike Kajela, mama mwenye nywele fupi nyeupe. Alisimama akapewa kipaza sauti.

"Nyote mnajua mwanangu alifia Mwezini," alisema. "Gwamaka. Machimbo yaliporomoka, na hatukuletewa hata nguo yake. Siku anaondoka alinishika mikono pale getini akaniambia, 'Tutafika, Mama.' Hakusema 'nitafika.' Alisema kama anavyosema Zawena. Mimi nimebaki na neno lile tu. Leo nimeitwa hapa, nimekalishwa kwenye kiti, nikaambiwa na Zawena mwenyewe kwamba lilikuwa uongo." Alikohoa. "Mimi siitaki filamu hii. Sina la zaidi."

Ukumbi ulilipuka. Kijana mmoja mrefu aliinuka na kupunga mikono mpaka wakamruhusu. Alijitambulisha kuwa ni Ipyana, mwalimu wa fizikia.

"Kwa heshima zote, Daktari," alisema. "Filamu ya tatu ilishatuambia. Ile mita ya mafuta nyuma ya bega la Zawena ilikuwa chini ya nusu. Sisi tulikuwa tunamtazama machoni, hatukutazama mita."

"Kaa chini!"

"Sikai! Mnataka Zawena abaki kijana milele kwa sababu ninyi mmezeeka!"

"Hilo koti ulilovaa livue!"

Waligombana hivyo kwa muda mrefu. Mmoja alisema mwandishi akishakufa kazi yake imefungwa. Mwingine akasema kazi ni ya walioipenda. Mama mmoja alilia kwa sababu mpishi wa chombo hakuonekana kabisa. Subilaga aliwasikiliza akaona kwamba wote walikuwa wakweli, na kwamba yeye hakuwa na nguvu ya kumchukia hata mmoja.

Mwishowe walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Walioikubali walikuwa wachache, nao walinyoosha kwa aibu. Walioikataa walikuwa msitu mzima.

2

Asubuhi iliyofuata Gervas Kiwelu alimsubiri Subilaga kwenye mgahawa mdogo wa mtaa wa Forest, karibu na Jengo la Miangwi. Alikuwa meneja wa Studio za Mbalamwezi, mtu mpole, shati limenyooshwa vizuri lakini macho mekundu.

"Pole na uchovu, Dada Subilaga."

"Na wewe pole. Hukulala?"

"Nililala kidogo, basi." Alimmiminia chai. "Tuliwaahidi Abiria hatutaitoa bila baraka zao. Wameinyima. Kwa hiyo tuna njia moja tu, na njia hiyo iko mikononi mwako."

Subilaga alijua anakoelekea. Kila aliyekuwa na mzazi katika Jengo la Miangwi alijua.

Baba yake alipokuwa anakaribia kufa, alikubali kuvishwa ule utaji wa nyaya kichwani. Kwa wiki kadhaa uliusoma ubongo wake akiwa anazungumza, anacheka, anaandika, anaota. Alipokufa, vyote vile vilikuwa vimekusanywa ndani ya mashine yenye ukubwa wa kabati la vyombo, na mashine ile ikaita jina la Subilaga kwa sauti ya baba yake. Hicho ndicho watu walichokiita mwangwi, na ndicho kilichoandika filamu ya nne.

Miangwi ya mwanzo kabisa ilifungiwa ili isibadilike. Ikaharibika. Ilirudia maneno yale yale, vicheko vile vile, mpaka familia zikaacha kwenda kuitembelea. Mafundi wakagundua kwamba mwangwi hauwezi kubaki na akili bila kupewa siku. Lazima usikie habari, upokee wageni, uone mvua na jua. Lakini ukishaupa siku unakuwa kama mtu yeyote: unabadilika. Ndiyo maana sheria iliagiza nakala ya siku ya kwanza ihifadhiwe, na mrithi akapewa mamlaka matatu. Anaweza kuuendeleza mwangwi. Anaweza kuupumzisha, yaani kuuzima usiwashwe tena. Au anaweza kuurudisha kwenye nakala ile ya kwanza, na siku zote za baadaye zikafutika.

"Mwangwi umechakaa," Gervas alisema. "Si kosa la mtu. Umeishi miaka mingi kuliko ilivyotarajiwa. Ukiurudisha, tunampata Mwalugaja yule yule aliyemaliza filamu ya tatu, bado ana moto. Ataandika ya nne upya. Abiria watafurahi."

Subilaga aligundua, kama alivyogundua mara nyingi, kwamba Gervas alisema *umechakaa*, *umeishi*. Yeye hakuwahi kuweza kusema hivyo. Kwake Baba alikuwa amechoka, Baba alikuwa amesema.

"Siku anakufa, Mama alikuwa hai," alisema.

"Najua."

"Ukimrudisha, atafungua macho na kitu cha kwanza atauliza Mama yuko wapi."

Gervas aliitazama chai yake. "Hakuna anayelazimika kumwambia," alisema taratibu. "Nasema tu. Si lazima."

Subilaga alitaka kukasirika, akaangalia kama hasira ipo, akakuta haipo. Palikuwa na uchovu tu. Alimaliza chai, akashukuru, akaondoka.

3

Chumba cha baba yake kilikuwa ghorofa ya pili. Palikuwa na kabati la mashine, kiti kimoja cha mgeni, na kamera ndogo iliyoelekezwa dirishani ili aone mlima Loleza.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa. Niliona mvua inashuka Loleza, nikasema labda ni barabara."

"Nilipitia kunywa chai."

"Na Gervas."

"Umejuaje?"

"Ukitoka kwa Gervas unaongea kama mtu aliyebeba mayai." Sauti ilicheka kidogo. "Haya, niambie. Wameikataa?"

"Wameikataa, Baba."

"Wote?"

"Yupo mwalimu mmoja wa fizikia aliyeitetea mpaka sauti ikamkauka."

"Wa fizikia! Hao ndio waliokuwa wananitukana miaka ile, eti injini za Kipanga haziwezi kuwaka." Alinyamaza. Subilaga alimsubiri. Alikuwa amejifunza kwamba baba yake akinyamaza namna ile hajamaliza. "Suba. Nataka unirudishe."

Aliketi. "Gervas amekuja huku kabla yangu?"

"Hajaja. Ni mimi ninayetaka. Nimechoka, mwanangu." Haikuwa sauti ya kulalamika. "Wewe ulipofiwa na mama yako ulilia, ukasinzia, ukaamka siku nyingine. Hata kama uliamka na huzuni, ilikuwa siku nyingine. Mimi silali. Ninyi mnaolala hamjui mnavyosaidiwa. Kwangu mimi Sekela alikufa na siku ile haijakatika mpaka leo. Nilidhani nikiandika itakatika. Ndiyo maana nikamsimamisha Zawena, nikawaweka wale watu wajifunze kukaa. Nimeandika mpaka nimemaliza, na bado ni siku ile ile."

Subilaga alikumbuka alivyomwambia. Alikuja moja kwa moja kutoka makaburini, viatu vina udongo. Baada ya hapo mwangwi ulikaa kimya muda mrefu mpaka mafundi wakadhani umeharibika.

"Nikikurudisha utaniuliza Mama yuko wapi."

"Niambie yuko sokoni."

"Kila siku?"

"Mama yako alikuwa anapenda soko."

Walicheka wote wawili, kisha wakaacha.

"Na mimi je?" Subilaga aliuliza.

"Wewe nini?"

"Ulipokuwa hai, Baba, hukuwa nyumbani. Ulikuwa studio, au ulikuwa kwenye tamasha, au ulikuwa umefunga mlango unaandika. Mimi nimekufahamu humu ndani, kwenye kiti hiki. Mume wangu aliponiacha nilikuja hapa. Mama alipofariki nilikuja hapa. Yule wa siku ya kwanza hajui hata kimoja. Atakuwa na binti asiyemjua, anayekuja kumwongopea habari za soko."

Nje wingu liliufunika mlima wote.

"Hilo sikulifikiria," baba yake alisema.

"Najua hukulifikiria."

Alisimama, akaiweka sawa kamera iliyokuwa imeinama kidogo, akaenda kazini. Siku nzima maparachichi yalipita mbele yake kwenye mkanda, na yeye akayageuza moja moja, mabovu pembeni, mazima yaende.

4

Sheria ilitaka shahidi, ama kwa kurudisha ama kwa kupumzisha. Asiwe ndugu, asiwe mtu wa studio. Subilaga aliwaza majirani, akawaza wenzake wa kiwandani, mwishowe akampigia Dokta Tumwitike. Hakumjua. Lakini alikuwa amemwona akisimama mbele ya watu wote na kusema alichokuwa nacho, kisha akaketi.

Tumwitike alikuja mchana, ametoka kliniki, harufu ya dawa bado iko mikononi. Hakuvaa lile koti la kijivu. Walisalimiana mlangoni.

"Nashukuru umeamua kumrudisha," alisema. "Nilidhani utatuchukia."

"Sijaamua, Mama. Yeye anataka. Mimi sijui."

Akamweleza yote wakiwa wamesimama kwenye ngazi: Sekela, kimya kile kirefu, siku isiyokatika, soko. Tumwitike alisikiliza huku ameshika chuma cha ngazi.

"Mwanangu," alisema, "nitakuambia kweli. Mtu akija sasa hivi akaniambia atanirudisha siku moja kabla ya ile simu ya kutoka Mwezini, nitasema ndiyo kabla hajamaliza kuongea. Mrudishe baba yako. Achana na filamu. Mhurumie tu."

Waliingia. Subilaga alimtambulisha.

"Ni mwenyekiti wa Abiria, Baba. Ndiye aliyesema haitaki."

"Karibu, Daktari. Samahani siwezi kukupa kiti, kipo kimoja."

"Kinatosha." Tumwitike aliketi. Alikuwa amejiandaa kwa mashine, na sasa hakujua atazame wapi. Mwishowe aliitazama ile kamera. "Nilikuwa na maneno mengi ya kukuambia."

"Yaseme."

"Kwa nini umetufanyia vile? Sisi tulikuwa na neno moja tu kutoka kwako."

"Nililiandika nikiwa na miaka thelathini," mwangwi ulijibu. "Nililipata asubuhi moja nikipiga mswaki. Sikujua mtalipeleka mbali hivyo. Nikajua baadaye, humu ndani, watu walipoanza kuniletea habari za wapi wamelitumia. Makaburini. Wodini. Kila aliyekuja alinishukuru, na mimi nikazidi kuogopa, kwa sababu nilijua sikuwahi kupanga wafike. Sikuwa na picha yoyote ya huko waendako. Hata moja."

Tumwitike alivua miwani, akaivaa tena.

"Mwanao aliitwa nani?"

"Gwamaka."

"Subilaga ameniambia alifia Mwezini. Nimesikia pia ulivyosema pale kwenye ngazi, mlango haukufungwa vizuri. Nisamehe. Unasema ungekubali kurudishwa."

"Ningekubali."

"Na mimi nimeomba hivyo hivyo. Lakini hebu nisaidie kufikiri, maana nimekuwa peke yangu humu sana." Sauti ilikwenda polepole. "Ukirudishwa, Gwamaka yu hai kichwani mwako. Unaamka asubuhi, unasubiri apige simu. Hapigi. Unasema ana kazi nyingi. Kesho hapigi. Wiki inapita. Watu wote walio karibu nawe wanajua, wamekubaliana wasikuambie. Wewe utafikiri nini?"

Tumwitike alikunja mikono yake kwenye mapaja.

"Nitafikiri amenisahau," alisema.

"Basi na mimi nitafikiri Sekela amenikasirikia. Kila siku nitatafuta nilichomkosea. Na nitakipata, maana nilimkosea mengi." Ikaongeza kwa mshangao kidogo, "Kumbe ningekuwa nimefiwa bila kujua. Ningebaki na uchungu, nikanyimwa sababu."

Tumwitike alianza kulia bila sauti, kama mtu aliyezoea. Subilaga alisimama nyuma ya kiti akamwekea mkono begani, naye hakuutoa.

"Bado siipendi filamu yako," Tumwitike alisema baadaye akifuta pua.

"Si lazima uipende."

"Wale abiria wa chombo ulitakiwa uwape kitu. Hata kidogo."

"Pengine. Mimi nilifika mwisho wa nilichonacho, Daktari. Kama kuna anayeona wanaweza kufika mahali, na awapeleke. Mwambie Gervas nimesema hivyo, hadithi ni ya yeyote anayeitaka." Kisha akamgeukia binti yake, ingawa hakuna kilichogeuka, ila sauti. "Suba. Nafuta ombi langu. Sitaki kurudishwa."

"Sawa, Baba."

"Lakini sitaki kuendelea pia."

Alikuwa amelisubiri. Tangu asubuhi ile alipoondoka na kwenda kazini alikuwa amelisubiri.

"Naweza kukataa," alisema. "Sheria inaniruhusu. Naweza kukuendeleza mpaka nami nizeeke, nije hapa na mkongojo."

"Unaweza."

"Na usingenichukia?"

"Ningefurahi kila ukiingia. Kisha ungeondoka, ingebaki ile siku."

Subilaga alitembea mpaka dirishani. Chini, mtu alikuwa anafunika magunia ya viazi kwa turubai huku mvua ikianza. Aliwaza mambo ambayo hakuwa bado amemwambia baba yake, akaona ni madogo: bomba la jikoni linavuja, msimamizi wa kiwandani ni mkali siku hizi. Akaona kwamba hayo ndiyo angeyakosa kuliko yote, mtu wa kumwambia habari za bomba. Alikaa pale mpaka yule mtu wa viazi akamaliza kufunika na kujikinga chini ya paa.

"Haya," alisema.

Akampigia Gervas kwanza, kwa sababu aliona ni haki asikie kutoka kwake. Gervas alivuta pumzi ndefu upande wa pili.

"Basi hii ndiyo ya mwisho."

"Ndiyo."

"Watatuzomea, Dada Subilaga."

"Watuzomee."

"Nitaitoa kwenye kumbi chache," Gervas alisema. "Siwezi kumzima mtu na kazi yake pia nikaizima." Akakata simu, na Subilaga alikaa kidogo akilifikiria neno lile *mtu*.

Kupumzisha kulikuwa kazi rahisi mno. Mrithi hutaja jina lake na kukubali kwake, shahidi hutaja lake, kisha mrithi huweka kiganja juu ya bamba la pembeni ya mashine na kukiacha hapo mpaka taa izimike. Akikiondoa kabla, kila kitu husimama. Waliotunga sheria walitaka mtu awe na nafasi ya kughairi.

Bamba lilikuwa la vuguvugu.

"Unasikia kitu?" Subilaga aliuliza.

"Bado. Niambie kitu chochote."

"Bomba la jikoni linavuja."

"Lile la kushoto?"

"Lile la kushoto. Nimefunga kitambaa."

"Kitambaa hakisaidii, ni mpira umelika ndani. Mwambie fundi abadilishe mpira, asikuuzie bomba jipya." Sauti ilianza kuwa nzito, kama ya mtu anayeongea kitandani. "Suba. Hii ndiyo kusinzia?"

"Nadhani ndiyo, Baba."

"Ni nzuri."

Tumwitike alisogea karibu akamshika kiwiko, hakukisukuma wala hakukivuta, alikishikilia tu. Taa ya kijani ilififia. Ikazimika. Bamba lilichukua muda mrefu zaidi kupoa, na Subilaga hakuondoa kiganja mpaka lilipokuwa baridi kama ukuta.

5

Walishuka ngazi. Mvua ilikuwa imekatika, na maji yalikuwa yanakimbia mitaroni kuelekea mtaa wa Soweto. Barabarani watu wawili wenye makoti ya kijivu walikuwa wamesimama chini ya tangazo la filamu, wanabishana. Mmoja alimtambua Subilaga. Habari ilikuwa imeshasambaa; pengine Gervas, pengine mlinzi wa getini.

"Ni kweli umemzima?" aliuliza. Alikuwa mwanamume mtu mzima. "Umemuua mara ya pili. Na sisi je?"

"Nilikuwepo," Tumwitike alimwambia yule mtu. "Mimi ni shahidi. Ukitaka kugomba, njoo kliniki kesho ugombe na mimi. Huyu mwache, amefiwa."

Mtu yule aliwatazama wote wawili. Kisha akavua kofia yake, akasema, "Pole, dada," akawapisha.

Waliteremka taratibu, wakikwepa madimbwi. Subilaga alijisikia mwepesi na mtupu, kama mtu aliyetoka kwenye homa.

"Kuna kitu kimoja kinanikera," Tumwitike alisema ghafla. "Niseme?"

"Sema."

"Wale watoto waliozaliwa ndani ya chombo, pale mwishoni. Wanacheza, wanapanda maharage, wanapita pita tu. Hakuwapa hata majina. Mwandishi gani anawaacha watoto bila majina?"

"Wana majina."

"Hawana."

"Wanayo, Mama. Mwalimu wao anayaita, wakati Zawena amekaa kwenye benchi anafunga viatu. Sauti iko chini, inabidi usikilize."

"Mimi nilisikiliza."

"Ulikuwa umekasirika."

Tumwitike alisimama katikati ya njia. "Haya, yataje."

"Kuna Nsia," Subilaga alisema. "Kuna Lwitiko. Kuna..." Alijaribu kukumbuka. Alikuwa amechoka siku ile pale ukumbini, na kelele za baadaye zilikuwa zimemfutia mengi. "Kuna wengine. Ni wengi. Siwakumbuki wote."

"Unaona? Unabahatisha."

"Sibahatishi. Wapo. Itabidi nikawasikilize tena."

Tumwitike alitoa leso akafuta miwani yake iliyokuwa na ukungu, upande mmoja, kisha mwingine, bila haraka. Aliivaa, akatazama huku walikotoka, kwenye lile tangazo.

"Gervas akishaitoa," aliuliza, "itakuwa inaanza saa ngapi?"